Corolla 110 inachemsha kwenye foleni tu, nianze kukagua wapi?

Kijana wa Vingunguti:
Wakuu, salaam. Nina Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 5A. Siku hizi nikikwama kwenye foleni ya Mandela, Buguruni kwenda Tazara, mshale wa joto unapanda hadi karibu na H. Foleni ikifunguka nikapata mwendo, unarudi katikati wenyewe. Maji ya rejeta yanapungua kidogo. Fundi kaiangalia kwa macho tu, akasema gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba juu ya silinda, imeungua, tushushe hedi. Hela anayotaka ni ndefu. Kabla sijaitoa, naomba kujua ninachoweza kupima mwenyewe nyumbani. Spana na testa ninazo.

Mzee wa Spana:
Mkuu, hayo maelezo yako yanaelekeza kwenye feni. Gari ikikimbia, upepo wa barabarani unapooza rejeta. Ikisimama, kazi yote ni ya feni. Ingekuwa inachemsha mlimani au kwenye mwendo mkali ningeshuku rejeta kuziba au wota pampu.

Washa gari, washa AC, fungua boneti utazame. Feni isipozunguka, angalia fyuzi. Fyuzi nzima? Chomoa soketi ya feni, ipe moto moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikizunguka, mota iko salama, tafuta tatizo kwenye relei (kile kiboksi kinachopitisha umeme wa feni), swichi ya joto au waya. Vidole viwe mbali na mapanga, feni ya umeme huwaka bila kukuaga.

Dereva Mkongwe:
Ng'oa themostati, ile vali inayozuia maji mpaka injini ipate moto, uitupe. Dar na joto hili ya nini?

Mama Pacha Moro:
Hapana kaka, huo ushauri unaua injini za watu. Bila themostati injini haifikii joto lake la kazi, inakula mafuta na kusagika mapema. Ya 5A hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ukiishuku, itumbukize kwenye sufuria ya maji uyachemshe. Maji yakitokota nayo bado imefunga, nunua nyingine. Hata bila kuifungua, gari ikishapata moto gusa mipira ya rejeta: wa juu unaunguza na wa chini wa baridi, ujue maji hayazunguki.

Gasketi nayo ipime, usiipuuze. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji, washa. Mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Vuta na kijiti cha oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia.

Ila gari ikiwa ya moto, mfuniko huo usiuguse, nakuomba. Presha ya ndani inafanya maji yapite nyuzi 100 bila kuchemka, ukifungua yanaruka yote usoni. Nimemuuguza mdogo wangu kwa hilo, aliungua kuanzia shingoni hadi kifuani.

Kijana wa Vingunguti:
Nashukuru sana, mzee wangu na dada. AC nimewasha, feni kimya. Fyuzi nzima. Nikaipa moto wa betri, ikavuma vizuri. Nikachomeka relei nyingine inayofanana nayo kutoka kwenye boksi lilelile, feni ikawaka. Ile ya zamani nimeibandua kifuniko: ncha za ndani zimeungua, nyeusi tii. Asubuhi nilikuwa nimepima mapovu pia, hakuna, na oili ni safi.

Mzee wa Spana:
Safi sana. Hedi usiishushe. Nunua relei mpya, halafu iache gari ikiunguruma imesimama mpaka feni iwake na kuzima yenyewe bila AC. Hapo utajua swichi ya joto nayo inafanya kazi.

Kwa hayo maji yanayopungua, kagua raba ya mfuniko wa rejeta. Ikiwa imekakamaa au kupasuka, badilisha mfuniko wote, ni bei ndogo. Na kama unajazia maji ya kisima, acha. Visima vingi vya Dar vina chumvi, inakula rejeta kwa ndani. Mwaga yote, suuza, weka kulanti, yale maji maalumu ya kupoozea injini.