Shangazi kanitengea sahani yenye alama ya rangi ya kucha, eti kwa sababu nilikula mayai China

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite. Na mods naomba msiuhamishie jukwaa la mapishi, sijaja kupika, nimekuja na hasira zangu.

Jumapili iliyopita tulikuwa Kongwa kwa shangazi, ukoo mzima, tunamalizia mambo ya msiba. Muda wa kula ukafika. Sisi Wagogo mnatujua: wanaume mnazunguka ugali mmoja na bakuli moja la mlenda, kila mtu anamega, anachovya, anavuta. Nikanawa, nikasogeza kigoda. Shangazi akanishika bega. "Baba, cha kwako hiki hapa." Sahani ya plastiki ya njano, na ukingoni imepakwa tone la rangi ya kucha, nyekundu, bado inang'aa. Ugali wangu peke yangu. Mlenda wangu kwenye kikombe. Narudia, mlenda kwenye KIKOMBE.

Nikajua labda ndiyo heshima ya kutoka mjini. Nikauliza. Mke wa binamu akacheka mpaka akaweka beseni chini: "Si ulikula yale mayai ya mkojo wa farasi, shem? Watoto wanaogopa."

Kumbe binamu alikuwa amechimbua klipu yangu ya mwaka 2015 akaitupia kwenye grupu la ukoo, na chini ameandika yai limeozeshwa miaka mia. Kuanzia hapo kila mmoja akaongeza lake. Nimekula mbwa. Nimekula nyoka. Kuna mjomba yuko Bahi, hata simu ya kugusa hana, naye ameshapata habari kwamba nilikula mtoto wa tumbili.

Sasa ngoja niseme nilichokula, maana nimenyamaza miaka.

Nilisoma Changsha, jimbo la Hunan, miaka mitano. Watu wa Hunan wanakula pilipili kama sisi tunavyokula karanga. Yai lenyewe linaitwa pidan. Kwa macho linatisha, sitadanganya mtu. Ute uliotakiwa kuwa mweupe umekuwa kahawia, unang'aa kama soda ya kola iliyoganda, na kiini ni kijani cha kijivu, laini kama parachichi lililopitiliza. Ukilisogeza kwenye mwanga, ute una michoro midogo kama matawi ya msonobari, ndiyo maana wenyewe wana jina lingine wanaliita songhua, ua la msonobari. Mtu anaona ua, wewe unaona farasi. Haya.

Mara ya kwanza ilikuwa kwa mama wa mwenzangu darasani, sikukuu ya mwaka mpya wao. Yule mama hakukata kwa kisu, kinanata. Alishika uzi, ncha moja kwenye meno, nyingine mkononi, akaupitisha kwenye yai likagawanyika safi. Halafu akaleta kinu. Kinu na mchi wakuu, vya mti, mezani kabisa! Pilipili mbichi zilikuwa zimechomwa mpaka ganda limebabuka, akatia na kitunguu saumu, akatia mayai, akaanza kutwanga mbele yetu. Nilikuwa miezi minne sijasikia mlio wa mchi. Nikataka kulia, kisha nikaonja, nikatema kwenye kiganja.

Ndiyo, nilitema. Yule mama hakununa wala hakucheka. Alichukua kipande kidogo zaidi akakifukia kwenye wali wangu, akaendelea na habari zake. Nikameza. Mwaka wa pili nilikuwa nayanunua mwenyewe, sita sita.

Sasa nifike penye moto. Pidan inatengenezwaje? Wanachukua mayai ya bata, wanayakandika udongo uliochanganywa na majivu, chokaa, chumvi na magadi, wanayagaragaza kwenye pumba za mpunga yasishikane, wanayaacha wiki kadhaa, mengine miezi. Chokaa na magadi vikikutana kwenye majimaji vinatoa ukali unaopenya ganda, na ule ukali ndio unaogandisha ute bila moto. Farasi hayupo. Miaka mia haipo. Ile harufu ni amonia, na kwa kuwa mkojo uliolala nao unanuka hivyohivyo, mtu mmoja akaropoka, dunia nzima ikabeba.

Magadi, wakuu. MAGADI! Shangazi yangu huyuhuyu, saa nne asubuhi ile, nimemwona kwa macho yangu akidondosha bonge la magadi kwenye sufuria ya mlenda ili majani yalainike na uvutike vizuri. Kitu kilekile. Kwenye sufuria yake ni mapishi ya mababu, kwenye yai la Mchina ni uchafu unaonitenga na sinia ya ukoo wangu.

Na mlenda ndio umenifanya nisiweze kuvumilia hili jambo, kwa sababu nimeshatukanwa kwa ajili yake. Muhula wa kwanza nilikwenda na mfuko wa mlenda wa unga, ule unaokaushwa na kusagwa, mama alinunua soko la Majengo. Siku moja nikaupika jiko la hosteli. Watanzania wenzangu wawili, vijana wa Dar, wakafungua madirisha. Mmoja akasema mbele za watu, "Huyu anapika makamasi." Wakakipiga picha kijiko changu kikivuta ule utelezi. Mchina niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja akaja, akachungulia, akachukua bakuli lake la wali akamimina juu, akala, akaomba tena. Wao wana mboga yao yenye utelezi, hakushangaa lolote. Aliyeshangaa ni wa kwetu, ambaye huko Pwani jongoo bahari wamekuwa wakivuliwa, wakikaushwa na kusafirishwa kwenda China hiyohiyo, na huko ni chakula cha karamu.

Nimerudi nyumbani nikijua ya makamasi yamekwisha. Kumbe nimebadilishiwa tu mshtaki.

Mnaocheka huko nyuma, hebu tukaguane. Supu ya kongoro ya asubuhi, ule ukwato unaelea kwenye bakuli, mgeni aufikirieje? Kichwa cha mbuzi pale mnada wa Msalato Jumamosi, kinakutazama? Ndugu zetu wa Bukoba na senene wao, ambao mimi nawala mpaka wanaisha kwenye mfuko. Kumbikumbi mvua za kwanza, mtoto gani wa Dodoma hajawahi kukaa chini ya taa na beseni la maji? Dagaa je, na macho yao yote yale? Hatujawahi kuona ni vya ajabu kwa sababu tuliviona kabla hatujajua kuongea.

Wenye sababu za dini sina ugomvi nao kabisa. Wenzangu Waislamu kule walikuwa na migahawa yao, ile ya tambi za kuvuta kwa mkono ya Waislamu wa China, alama ya halali iko mlangoni, na mimi Mkristo nilikuwa mteja kuliko wao. Mtu akisema hili siruhusiwi, akasogeza sahani kwa adabu, yamekwisha. Ugomvi wangu ni na yule anayekwenda huko wiki mbili, anakaribishwa mezani na watu waliokesha jikoni, anafungulia kamera, anajifanya anatapika.

Na hapa wakuu ndipo ninapojikwaa, bora niliseme mwenyewe kabla binamu hajaliandika huku. Ile klipu nilijirekodi mimi. Na siku najirekodi nilikuwa nimeshayazoea yale mayai, nayapenda. Nilikunja sura makusudi. Nilibana pua, nikajifanya nakabwa, nikamgeuzia kamera mama mwenye duka aliyekuwa amenipa kipande nionje bure, maana nilijua nyumbani watacheka. Walicheka kweli. Wameendelea kucheka miaka kumi na sasa wamenipakia rangi ya kucha. Yule mama mwenye duka alikuwa ametabasamu muda wote, anadhani nayasifia mayai yake.

Kwa hiyo hasira nyingine ni za kwangu mwenyewe, lakini shangazi hawezi kulijua hilo na halimpi haki ya kikombe.

NYONGEZA 1: Mnaouliza kama nilikula nyoka au sikula: sikula. Chura nimekula, wa kufugwa, kwa pilipili, ni mtamu, nyama yake kama ya kuku mdogo. Tofu inayonuka nimekula pia, ile ya Changsha ni nyeusi tii kama mkaa, unaisikia kabla hujakata kona, ila ukiitafuna nje inakatika kwa ukavu na ndani imejaa mchuzi. Ubongo wa nguruwe ulinishinda. Niliuweka tena kwenye chungu nikijifanya haujaiva, ukaiva, nikasema bado, mpaka wenzangu wakaelewa wakaula wao.

NYONGEZA 2: Mkuu uliyeandika "mle na wenzako wachawi", nimekusoma.

NYONGEZA 3: Kuna dada ameuliza kama niliula ule mlenda wa kikombe au niliuacha. Niliula wote. Ulikuwa na karanga, na ugali ulikuwa wa uwele. Nilikuwa na hasira, sikuwa mwehu.

NYONGEZA 4: Wanaoshauri nikae na shangazi tuongee: nimejaribu leo. Nimempigia, tumesalimiana vizuri, mbukwa, mbukwa, nikaanza kumweleza habari ya chokaa na magadi. Amenisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sawa baba, nimekuelewa. Ila ile sahani yangu ya njano mbona siioni, ulipitiwa ukaondoka nayo?"

Sikupitiwa. Iko hapa mezani kwangu Nkuhungu, nimeshaisugua kwa jivu mara mbili na lile tone halitoki. Kesho anamtuma dereva wa bodaboda aje kuichukua. Sitoi.