Kuongoza ndege kupitia jeshi la Marekani: Keesler, Pensacola au Fort Rucker?

MamaBahati: Habari zenu wapendwa. Mwanangu kamaliza shule na anataka kusomea uongozaji wa ndege jeshini, ile kazi ya kuelekeza marubani ukiwa mnarani au kwenye rada. Jeshi la anga wanafundisha Keesler, Mississippi; wanamaji Pensacola, Florida; nchi kavu Fort Rucker, Alabama. Alhamisi anaonana na afisa wa kuandikisha. Wapi kuna mafunzo mazuri? Usingizi sipati.

Mnara07: Mama, umri wake? Na ana uraia au grini kadi? Mwenye grini kadi jeshini anaingia, lakini kazi hii wanataka raia. Macho je? Redio ikikatika, mnara unaongea na rubani kwa taa nyekundu, kijani na nyeupe. Asiyetofautisha rangi hapiti.

MamaBahati: Samahani. Ana miaka 19. Grini kadi, usaili wa uraia kafanya, anasubiri kiapo. Macho hatujapima.

Baharia_Lamu: Basi aape kwanza. Akishaapa, aende kwa wanamaji, shule yao ina mizizi. Vita Kuu ya Pili walifundisha kina dada wa WAVES, kikosi cha wanawake cha wanamaji, kazi ya mnara kule Atlanta. Baadaye shule ikawa Glynco, Georgia. Kituo kilipofungwa 1974 ikaenda Memphis, na miaka ya 1990 ikahamia Pensacola. Kushusha ndege kwenye meli usiku utajifunza wapi kwingine?

Mnara07: Mkuu, kazi hii ilikomaa Berlin, ndege zilipopeleka chakula na makaa kwenye mji uliozingirwa na Wasovieti. Tarehe 13 Agosti 1948 mawingu yalishuka uwanja wa ndege wa Tempelhof, ndege moja ikapitiliza na kuungua, nyingine ikapasua matairi, zilizobaki zikazunguka juu kwa foleni, na Jenerali Tunner, mkuu wa safari hizo, mwenyewe akiwa humo angani. Kuanzia hapo ikawa amri: ukikosa kutua mara moja, rudi ulikotoka na mzigo wako. Pasaka ya 1949 zilitua safari 1,398 kwa saa 24. Mtu kakaa mbele ya rada anamwambia rubani asiyeona kitu, "kushoto kidogo, shuka, shuka." Hao ni watu wa jeshi la anga. Keesler.

KakaDallas: Historia ni nzuri, lakini mama nisikilize mimi. Niliingia 2009 na ndoto hiyohiyo. Jeshi lenyewe sitalitaja. Afisa akaniambia, "Saini tu, mnara utaupata ukifika." Karatasi niliyosaini haikuwa na jina la kazi yoyote. Nikaja kupangiwa ghala la vipuri. Miaka minne nahesabu boliti na kubandika lebo, na dirisha la ghala linatazama mnara. Jioni nawaona wanapokezana zamu, najua ningekuwa mmoja wao. Kulalamika nimelalamika, kila ofisi wananionyesha sahihi yangu. Alhamisi kijana asishike kalamu mpaka asome jina la kazi kwenye mkataba. La mdomo halihesabiki.

MamaBahati: Pole sana kaka. Nimemsomea, kanyamaza kabisa.

DadaMtwapa: Na lafudhi? Binamu yangu aliambiwa Kiingereza chake kizito.

Mnara07: Wanachotaka ni kueleweka. Hata Wamarekani wenyewe wanafundishwa kutamka upya: tisa redioni ni "niner", isije ikasikika kama tano. Aanze kusoma namba kwa sauti nyumbani.

DadaMtwapa: Sikubali. Mtu akishasikia jina lako anasikia lafudhi hata kama haipo.

Rotor_Arusha: Mbona Fort Rucker mmeiruka? Nchi kavu wanakufundisha kusimamisha mnara porini na kuongoza helikopta. Ila akitaka FAA, mamlaka ya anga ya kiraia ya Marekani, baadaye, uzoefu wa ndege kubwa utakuwa mdogo. Na asichelewe: FAA kwa kawaida wanataka uwe hujafika miaka 31.

KakaDallas: Hapo kwenye umri ndipo nami mlango ulipofungwa.

MamaBahati: Nimesoma kuwa Keesler ilijaa maji wakati wa Katrina 2005. Wanafunzi wanalala wapi kimbunga kikija?

Baharia_Lamu: Pensacola nayo ilipigwa na Ivan 2004, kwa hilo zote ni pwani moja. Muulize afisa. Halafu Mnara07, Berlin hatujamalizana: VR-6 na VR-8 zilizobeba mizigo kule ni skwadroni za wanamaji.