Ovadraivu na kabureta ya Landrover 109 kwenye mnada wa eBay: mnafanyaje msipigwe bei?

Mlandege_109

Wakuu, habari za jioni.

Nina Landrover 109 Series III ya mwaka 1976, petroli 2.25, ya marehemu baba. Nipo Iringa. Gari linatembea vizuri ila mambo mawili yananisumbua. Kabureta yake, Zenith, inakunywa mafuta vibaya sana na inatoa moshi mweusi. La pili, nataka kulifungia ovadraivu ya Fairey, ile gia ya ziada inayofungwa kwenye giaboksi ili injini izunguke polepole kwa mwendo uleule, kwa ajili ya safari za Dar, maana ukifika 80 injini inalia mpaka abiria wanashindwa kusikilizana.

Nimekuwa nikifuatilia eBay ya Uingereza. Kitu kinaweza kukaa karibu wiki nzima kwenye paundi 40, dakika ya mwisho kinaruka mpaka 190. Ukiweka dau unaambiwa hapohapo umezidiwa. Ukiongeza, umezidiwa tena. Halafu pembeni kuna muuzaji mwingine ameandika "rare" (adimu) na "NOS" (cha zamani ambacho hakijawahi kutumika), kitu kilekile kwa bei mara tatu.

Nitajuaje bei halali ni ipi kabla sijatia mkono mfukoni? Wenye uzoefu naomba mnisaidie. Mimi ni mwalimu wa sekondari, mnajua mishahara yetu.

Kijana_wa_Gerezani

Mkuu, ukishuka Dar pitia kwanza maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani. Kabureta mpya za kopi zipo, gasketi zipo, vitu vya breki na klachi vipo. Ovadraivu ndiyo sijaiona siku nyingi, hiyo nakubali utaagiza nje.

Dada_Stoo

Mwalimu, pole kwa msiba wa mzee na hongera kwa kulitunza gari lake. Natunza stoo ya spea kwenye kampuni ya utalii hapa Arusha, na manunuzi yote ya Uingereza yanapitia mezani kwangu. Nianze na kabureta, kwa sababu hapo unaweza kubaki na hela yako yote.

Zenith 36IV ina ugonjwa unaojulikana. Kifuniko cha juu na ile bloku inayofungwa chini yake hupinda, kwa joto na kwa mafundi wanaokaza skrubu kwa nguvu zote. Nyuso zikishapinda, petroli inapenya pembeni bila kupimwa na jeti, yaani kile kitundu kinachopima mafuta. Katikati pana o-ringi, kipete cha mpira, ndogo sana ambayo mara nyingi imekauka, au fundi fulani aliitoa akaona haina kazi. Dalili zake ndizo hizo ulizoandika: moshi mweusi, plagi zimejaa masizi, injini haitulii gari likiwa limesimama.

Fungua kifuniko, safisha uso, simamisha rula ya chuma juu yake kwa ubavu, halafu inua usawa wa macho uangalie dhidi ya mwanga. Ukiona mstari wa mwanga unapita chini ya rula, tatizo umelipata. Tafuta kipande cha kioo kinene, kibandike msasa laini, sugua ule uso juu yake kwa kuzungusha namba nane, mkono mwepesi, bila kukandamiza upande mmoja. Simama kila baada ya muda uangalie. Sehemu zilizobonyea zitabaki na rangi ya zamani, zilizoinuka zitang'aa. Ukiona uso wote una rangi moja, acha hapo. Fanya hivyo pande zote mbili, osha mavumbi yote yatoke kwenye matundu, rudisha kwa o-ringi mpya na gasketi mpya. Skrubu kaza kwa zamu na kwa kiasi.

Hiyo seti ya gasketi na o-ringi ndiyo ya kununua, na inauzwa kwa bei iliyopangwa, haina haja ya mnada. Kabureta nyingi za mitumba zilizo mnadani zimepinda hivyohivyo. Utalipa paundi, utalipa usafiri, utalipa kodi, halafu utafunga kwenye gari ugonjwa uleule ulioutoa.

Ndiyo maana nasisitiza kujua kwanza unachohitaji hasa. Hata kwenye habu za magurudumu iko hivyo: beringi ni za kawaida za Timken, namba imegongwa kwenye chuma chenyewe. Isafishe, isome, nenda nayo duka la beringi. Hakuna sababu ya kugombania beringi na mtu wa Wales.

Ovadraivu sasa. Hii inastahili mnada, maana kazi yake ni kubwa: kwa mzunguko uleule wa injini unapata mwendo zaidi kwa karibu asilimia 28. Bei yake usiiangalie kwenye vitu vinavyoendelea kuuzwa. Kwenye eBay chagua "Sold items", utaona vilivyouzwa kweli ndani ya siku 90 zilizopita. Bei anayoomba mtu ni ndoto yake, bei iliyouzwa ni soko. Na pale utakapoona bei imekatwa mstari, maana yake muuzaji alikubali ofa ya chini ya hapo, kwa hiyo usiiandike kama ilivyo. Mimi naandika kwenye daftari la stoo: tarehe, hali ya kitu, kama kimejaribiwa, kimekuja na wenzo wake au bila. Siku 90 zikipita eBay haikuonyeshi tena, daftari linabaki. Ukifuatilia miezi kadhaa unaona wazi kwamba ile bei iliyokutisha ilikuwa ya wagombanaji wawili usiku mmoja, na nyingi zinaishia chini yake.

Halafu piga hesabu kwa kurudi nyuma. Anza na jumla uliyonayo kwa ajili ya ovadraivu kufika Iringa. Kumbuka TRA wanatoza kwa thamani ya CIF, yaani bei ya kitu, bima na usafiri kwa pamoja. Kwa maneno mengine unatozwa kodi hata kwenye nauli ya mzigo. Ushuru ukishawekwa ndipo VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla hiyo, na kuna tozo nyingine ndogondogo. Ovadraivu ni chuma kizito, ukiituma kwa ndege nauli inaweza kukaribia bei ya kitu chenyewe. Muulize wakala wako wa forodha akupe makadirio kwa maandishi kabla ya mnada kuisha. Toa kodi, toa nauli, toa gharama ya wakala. Kilichobaki ndicho dau lako, na hilo dau usilibadilishe usiku wa mnada.

Kuhusu kuzidiwa kila ukiongeza: ule mfumo unaweka dau kwa niaba ya mtu. Mwenzako anaweza kuwa ameandika paundi 210 tangu Jumatatu, na bei ikabaki 40 kwa sababu hakuna aliyemsogelea. Wewe ukiongeza kumi kumi unampandishia yeye, na unawaonyesha wengine kwamba kitu kina wagombanaji. Mshindi halipi dau lake lote, analipa hatua moja juu ya yule wa pili. Ukiandika 210 na wa pili wako aliishia 160, unalipa 165. Kwa hiyo huna hasara kuandika kikomo chako cha kweli mara moja tu, sekunde za mwisho. Ukizidiwa, ina maana kuna mtu ambaye kwake kitu kile kina thamani kuliko kwako. Zima simu, lala.

Angalia na saa. Waingereza wengi wanamaliza minada yao Jumapili usiku watu wakiwa nyumbani, na saa mbili usiku kwao ni saa tano usiku kwetu wakati wa baridi, saa nne wakati wa kiangazi chao. Hapo ndipo ushindani ulipo. Inayoisha katikati ya wiki mchana, wenzetu wakiwa kazini, mara nyingi ina watu wachache. Kama umeme au bando vinakusumbua huko, weka kikomo chako mapema kidogo ulale, ni bora kuliko kukimbizana.

Tafadhali sana, kitu cha bei nafuu kisichofunga kwenye gari lako ni ghali kuliko vyote. Stata na alteneta za gari za jeshi la Uingereza huwa zinauzwa zikiwa mpya kabisa kwenye karatasi za nta, lakini gari zile zilizofungwa redio zilikuwa na umeme wa volti 24. Lako ni 12. Spidomita za kule zinasoma maili, na usoni pana namba ndogo ya mizunguko ya waya kwa maili, ambayo lazima ilingane na ya kwako. Beringi za krenki: injini za 2.25 zilikuwa na beringi kuu 3, zikaja kuwa 5 mwaka 1980, na haziingiliani. Vitu vya ndani ya giaboksi, soma herufi iliyo mwisho wa namba ya giaboksi yako kwanza, maana walibadilisha meno na shafti njiani.

Na hiyo "rare" yao. Namba nyingi za spea za Landrover za zamani zilikuwa tarakimu tupu, baadaye zikabadilishwa, nyingi zikapewa herufi za mbele kama RTC. Mtu ana kitu chenye namba ya zamani, anaandika adimu. Tafuta namba iliyochukua nafasi yake, mara nyingi utakikuta dukani kimejaa.

Mzee_Karatu

Dada Stoo amemaliza. Naongeza mawili tu.

Wauzaji wengi hawajui kuandika Fairey. Tafuta "Fairy overdrive", tafuta na "landrover" kama neno moja. Vitu vilivyoandikwa kimakosa havionekani na wengi, na vinaishia chini. La pili, kama una ndugu Uingereza, tazama vile vilivyoandikwa "collection only", yaani mnunuzi afuate mwenyewe. Wanunuzi wengi wanavikwepa. Mtoto wa dada yangu yuko Coventry, anavifuata, anaviweka kwake mpaka vitoshe kuingia kwenye kontena la pamoja la meli. Tunagawana nauli watu kadhaa. Inachelewa, lakini nauli inakuwa ya kuzungumzika.

Na kabla ya yote, mwalimu, tembelea karakana za misheni za zamani huko Kusini. Masista na mabruda walitumia sana hizi 109. Unaweza kukuta mzoga nyuma ya karakana, majani yameota ndani, na giaboksi bado iko chini yake. Nenda kwa adabu, omba kuonana na mkuu wa karakana, usianze na bei.

Mlandege_109

Shikamoo mzee, na asante sana dada. Nimefungua kifuniko leo baada ya vipindi. Rula inaonyesha mwanga upande wa katikati, wazi kabisa, na o-ringi haipo. Kioo nimepata kwa fundi madirisha.

Dada, kuna ovadraivu inaisha Jumatano mchana. Muuzaji ameandika "untested, removed years ago", yaani haijajaribiwa, ilitolewa kwenye gari miaka mingi iliyopita. Picha moja tu, ya nje. Iko paundi 95 sasa. Niiendee?

Dada_Stoo

Mwalimu, kwa picha moja ya nje, usiweke hata senti. Mwandikie leo, wengi wao wanajibu vizuri ukiuliza kistaarabu. Omba picha ya upande unaoingia giaboksi, karibu, ili meno ya ndani yaonekane. Yakiwa na vichwa vya mraba ni mazima, yakiwa yamechongoka au yamekatika pembe, hiyo imekwisha. Muulize kama shafti inacheza akiishika kwa mkono na kuisukuma mbele na nyuma. Amwage oili iliyomo kwenye chombo cheupe apige picha: ovadraivu ya Fairey ina oili yake yenyewe, kiasi kidogo, na nyingi zimekufa kwa sababu ilivuja na hakuna aliyeangalia. Ikiwa kavu kabisa au ina unga wa chuma, ichukulie kama ya kufungua na kubadilisha beringi, na dau lako lishuke kwa gharama hiyo.

Uliza pia kama wenzo na vyuma vyake vya kuunganishia vipo. Ukivinunua kimoja kimoja baadaye vitakula fedha nyingi.

Picha zikija ziweke hapa tuzitazame wote. Ukikuta meno mazima na wenzo upo, kwenye daftari langu zile ambazo hazikujaribiwa zinaishia chini kabisa ya zilizojaribiwa, kwa hiyo tumia bei za hizo ambazo hazikujaribiwa, si za nyingine. Jumatano inaisha saa ngapi kwa saa za kwetu?

Mlandege_109

Saa tisa na robo alasiri. Nina kipindi cha Kidato cha Tatu mpaka saa tisa kamili. Nimeshamwandikia muuzaji.