Siku 21 za sheria zimegeuzwa kuwa 63 za "utaratibu wetu": malalamiko yangu kuhusu ndoa ya bomani

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Ninaandika nikiwa na hasira, na ninaomba mniwie radhi kwa urefu wa uzi huu, kwa sababu mambo yenyewe yametokea kipande kwa kipande, na kila kipande ukikitazama peke yake unaweza kudhani ni bahati mbaya ya siku hiyo. Wilaya sitaitaja wala mtumishi sitamtaja, kwa kuwa cheti changu bado hakijatoka mikononi mwao.

Nina umri wa miaka 33 na ni Mwislamu. Mwenzangu ni Mkatoliki, mgane aliyefiwa na mkewe miaka minne iliyopita. Wazee wa pande zote mbili walikaa, mshenga akaenda na kurudi hadi soli za viatu zikamwishia, mahari ikapokelewa nusu, na baada ya maneno mengi ambayo si ya kuyaanika hapa ikakubalika kwamba kila mmoja wetu abaki na dini yake na ndoa ifungwe bomani. Tulichagua Ijumaa, tarehe 25 Aprili, kwa ajili ya ndoa yenyewe, na sherehe siku inayofuata, ambayo ni Jumamosi na tena Sikukuu ya Muungano, ili hata ndugu wa Kondoa na Songea wanaofanya kazi Jumamosi wapate nafasi ya kufika. Mwaka huu Ramadhani na Kwaresima ziliangukia kipindi kimoja. Kufikia tarehe hiyo zote mbili zingekuwa zimekwisha, na hakuna upande ambao ungelazimika kula kwa kujificha.

Kabla ya kukanyaga ofisini niliisoma Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29 ya sheria za Tanzania, kwa sababu sipendi kuonekana mjinga mbele ya dirisha la huduma. Kifungu cha 18 kinawataka wanaokusudia kuoana wampe msajili taarifa ya kusudio lao angalau siku 21 kabla ya siku ya ndoa, wakitaja majina yao, umri, makazi, majina ya wazazi, hali ya kila mmoja kindoa, na kama ndoa wanayoikusudia ni ya mke mmoja au ya wake wengi. Kifungu cha 19 kinampa msajili jukumu la kulitangaza kusudio hilo, na cha 20 kinampa nafasi ya kuweka pingamizi mtu yeyote anayejua kizuizi cha kweli. Ukivisoma vifungu hivyo kwa utulivu unaweza hata kuvipenda, maana vimeandikwa kana kwamba waliovitunga walitaka watu waoane.

Nilifika mara ya kwanza Jumatatu, tarehe 3 Machi, nikiwa nimefunga. Ukutani hapakuwa na karatasi yoyote inayoonyesha mahitaji wala ada. Karani alinitajia mahitaji kwa mdomo huku simu ikiwa sikioni: vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, picha nne za kila mmoja, barua za utambulisho kutoka serikali za mitaa tunakoishi, na cheti cha kifo cha marehemu mke wa mwenzangu. Hilo la mwisho sikulinung'unikia hata kidogo, kwa kuwa ni haki yangu na ni haki ya serikali kuhakikisha kwamba mwanamume anayenioa hana ndoa nyingine inayoendelea, na cheti hicho kilikuwapo tangu waliposhughulikia mirathi. Nilipomwomba karani aniandikie orodha, alicheka akaniambia, "Dada, vitu vitano tu, utavikumbuka." Nilivikumbuka vyote. Kilichonishinda ni kwamba niliporudi havikuwa tena vitano.

Tarehe 10 Machi ikagundulika kwamba jina langu la pili lina herufi "h" kwenye cheti cha kuzaliwa na halina herufi hiyo kwenye kitambulisho cha NIDA, hivyo nilitakiwa kuleta hati ya kiapo, na nikaelekezwa, bila kuuliza, kwa wakili aliye kwenye mlango wa tatu kutoka getini. Tarehe 12 barua ya mwenyekiti wangu wa mtaa ikakataliwa kwa kukosa muhuri wa afisa mtendaji wa kata, jambo ambalo halikutajwa siku ya kwanza. Yote hayo niliyameza. Ila siku hiyo hiyo ya tarehe 12, nikiwa tayari nimegeuka kuondoka, karani akaniita tena akaniambia nisisahau barua ya ridhaa ya baba.

Nilimjibu kwamba baba yangu alifariki mwaka 2011. Akasema, basi baba mdogo. Nikamwuliza ni sheria ipi inayomtaka mwanamke wa miaka 33 alete ruhusa ya baba mdogo ili aolewe, na hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza neno ambalo sasa likitajwa moyo unanienda mbio: "Huo ndio utaratibu wetu."

Naomba nisimame kidogo hapa, kwa sababu najua wapo dada zetu wengi wanaoombwa karatasi hii na wanaileta wakidhani ni takwa la sheria. Ridhaa ya mzazi katika Sheria ya Ndoa ilikuwa katika kifungu cha 17, nacho kilimhusu binti aliye chini ya miaka 18 peke yake. Tena kifungu hicho, pamoja na cha 13 kilichoruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, Mahakama Kuu ilikwisha kutamka mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, kwamba vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo Oktoba 2019. Kwa maneno mengine, karani alikuwa akinidai, mimi mtu mzima ninayelipa kodi ya nyumba na ada za wadogo zangu, kitu ambacho mahakama imekwisha kukataa kisitumike hata kwa msichana wa miaka 16. Ridhaa inayotakiwa ni yangu na ya mwenzangu, itolewe kwa hiari, basi.

Nilibishana hadi pumzi ikaniishia, kisha nikafanya kile ambacho sote hufanya, yaani nikatii. Baba mdogo yuko kijijini Kondoa. Barua yake ilikabidhiwa kondakta wa basi na mimi nikaipokea stendi alfajiri. Mzee huyo wa miaka 74 aliiandika kwa mkono wake huku akiniuliza kwenye simu kwa nini serikali inamwomba ruhusa ya jambo alilokwisha kulikubali mbele ya mshenga. Karani aliipokea, akaiingiza kwenye jalada bila kuifungua.

Jumatatu, tarehe 17 Machi, taarifa yetu ya kusudio la ndoa ikapokelewa na kugongwa muhuri wenye tarehe. Nililipa shilingi 30,000 "za kuandaa jalada"; nilipoomba namba ya malipo au risiti niliambiwa mtandao uko chini. Nakala yenye muhuri niliing'ang'ania, na ninamshukuru Mungu kwa ung'ang'anizi huo, kama mtakavyoona.

Kuanzia siku hiyo nilihesabu siku. Ishirini na moja zilitimia tarehe 7 Aprili. Kamati ilikwisha kukusanya michango, kadi 150 zikachapwa na kugawiwa, kianzio cha ukumbi kikalipwa, mpishi akapewa pesa ya mchele, na basi dogo la kuwaleta ndugu wa Songea likakodiwa. Jumatano, tarehe 9, nikaenda ofisini kuuliza saa tu, na kuwaandikisha mashahidi wetu wawili. Karani akalifungua jalada, akaniangalia, akalifunga. Tangazo letu lilikuwa humo humo ndani. Halikuwahi kubandikwa.

Sababu niliyopewa ni kwamba ubao wa matangazo una kioo na kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa likizo. Ndugu zangu, sikutunga. Kwa wiki tatu nzima ofisi ya serikali ilishindwa kubandika karatasi moja kwa sababu ya kufuli ambayo fundi wa mtaani angeifungua kwa dakika mbili. Kanisani kwa mwenzangu matangazo ya ndoa husomwa Jumapili tatu mfululizo, na hata bibi aliyesinzia kiti cha nyuma huamka akisikia jina analolijua. Hakuna paroko anayesema Jumapili hii sikusoma kwa kuwa mwenye ufunguo wa maikrofoni amesafiri.

Nilipelekwa kwa afisa aliye juu ya karani. Nikamwonyesha nakala yangu yenye muhuri wa tarehe 17 Machi, nikamweleza kwamba kifungu cha 18 kinazihesabu siku 21 tangu taarifa inapotolewa kwa msajili, kwamba sisi tuliitoa, na kwamba kuitangaza ni kazi ya ofisi yake. Nikamkumbusha pia kwamba kifungu cha 41 kinasema wazi kuwa ndoa haibatiliki kwa sababu tu taarifa haikutolewa, sembuse sisi tulioitoa na kupokelewa. Alinisikiliza kwa adabu, hilo sitamnyima, kisha akanijibu kwa sauti ya upole: "Sheria ni hiyo, dada yangu, lakini utaratibu wetu ni kuhesabu tangu siku tangazo linapobandikwa."

Kwa hiyo hesabu ikaanza upya. Hapo ndipo hasira yangu ilipo, na ningependa anayetaka kunipinga anipinge hapo. Kiapo cha herufi moja nilikileta. Muhuri wa mtendaji niliupata. Barua ya baba mdogo, isiyo na msingi wowote, ilisafiri usiku kucha kwenye basi. Kila kilichotakiwa kwetu, cha sheria na cha kubuni, tulikitimiza. Katika safari yote hii sheria iliitaka ofisi ifanye jambo moja tu mpaka hapo, nalo ni kutangaza, na hilo moja ndilo ambalo halikufanyika. Na gharama ya kutofanyika kwake tumetozwa sisi.

Nikauliza kuhusu leseni maalumu, kwa kuwa kifungu cha 23 kinampa Msajili Mkuu mamlaka ya kuruhusu ndoa ifungwe bila kungoja taarifa hiyo. Afisa akatabasamu, akasema hiyo ni ya Wazungu wanaokuja kuolewa ufukweni. Sheria haisemi hivyo. Karani, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaongeza kwamba kama tuna haraka hivyo mmoja wetu abadili dini, tukafungishwe msikitini au kanisani mambo yaishe. Nilitoka nje kabla sijasema neno ambalo lingenifungia milango yote.

Najua baadhi yenu mtaandika kwamba tuishi tu pamoja, baada ya miaka miwili sheria itatutambua. Nimekwisha kuambiwa hivyo na watu watatu. Kifungu cha 160 kinaleta dhana ya ndoa kwa watu waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana kama mume na mke, lakini dhana hiyo inaweza kukanushwa, na mara nyingi huthibitishwa mahakamani wakati mmoja ameshakufa au wameshagombana. Sisi hatujafa wala hatujagombana. Mwajiri wa mwenzangu anataka cheti cha ndoa ndipo aniandikishe kama mwenza kwenye bima ya afya, na dhana haibandikwi kwenye fomu ya bima.

Kuhusu hasara, nitasema kwa kifupi kwa sababu kila nikizihesabu naumwa kichwa. Wapo kwenye kamati waliopendekeza sherehe ifanyike tarehe ile ile na ndoa ifuate baadaye, lakini mama yangu alisema hawezi kukaa meza ya mbele kwenye harusi ya binti asiyeolewa, na baba mkwe naye, kwa sababu za dini yake, akasema hivyo hivyo. Ndiyo mara ya kwanza wazee hao wawili kukubaliana bila mshenga. Mwenye ukumbi amekubali kutuhamishia Jumamosi, tarehe 10 Mei, kwa nyongeza ya pesa. Mwenye basi hakukubali, na kianzio chake amebaki nacho. Watu 150 wamepigiwa simu mmoja mmoja, na nusu yao, ninavyosikia, wanaamini mwenzangu amewekewa pingamizi na mke wa siri. Hilo la mke wa siri ndilo linaloniuma kuliko pesa.

Ninachotaka si kikubwa. Nataka mahitaji na ada viandikwe na kubandikwa ukutani, nataka risiti ya shilingi zangu 30,000, na nataka anayewadai wanawake watu wazima barua ya baba anionyeshe kifungu. Malalamiko ya maandishi nimeyapeleka kwa katibu tawala wa wilaya na nakala nimebaki nayo, ikiwa na muhuri wa mapokezi. Kama yupo hapa aliyewahi kuomba leseni maalumu akiwa Mtanzania wa kawaida, tafadhali aeleze alianzia dirisha gani na alijibiwa nini.

Tangazo letu lilibandikwa jana, Jumatatu, tarehe 14 Aprili, saa nne na robo asubuhi, mwenye ufunguo akiwa amerudi. Siku 21 zinaishia tarehe 5 Mei, yaani siku ya 63 tangu nilipofika dirishani mara ya kwanza. Nimelipiga picha likiwa nyuma ya kioo, na mdogo wangu, ambaye anauza chakula ng'ambo ya barabara, atavuka kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko ahakikishe kwamba bado lipo.