"It" ya Kiingereza niipe kiambishi gani? Wimbo wetu wa metali umekwama

Sauti_ya_Umoja
Wadau, salaam. Naimba kwenye bendi ya watu wanne hapa Nairobi. Tunapiga metali ya progresivu, zile nyimbo za dakika kumi na moja ambazo shangazi yangu huuliza kama bado ni ule ule. Mwezi ujao tuna onyesho dogo Ngong Road, na tumekubaliana wimbo mmoja tuuimbe kwa Kiswahili. Kazi ya kutafsiri nimeachiwa mimi kwa sababu nilipata A ya Kiswahili KCSE, kosa ambalo nalilipia hadi leo.

Wimbo uliandikwa 2019 na mpiga gitaa wetu wa kwanza, ambaye sasa yuko Kanada. Kiitikio ni mistari mitatu. Kuna kitu chini ya maji. Kitu hicho kinajua jina langu. Siku moja tutakiita nyumbani. Kwa Kiingereza ni "it" tu mwanzo hadi mwisho, na miaka yote hii nimeimba bila kujiuliza ni nini. Kiswahili hakiniachii nafasi hiyo. Nikisema "anajua" nimeshaweka mtu, mnyama au Mungu. "Kinajua", watu watasikia kifo au kivuli. "Inajua", nyumba, bahari, hofu. "Linajua" ni jinamizi kabisa, na hapo shangazi ataniitia mchungaji.

Nilimpigia mwenyewe. Akacheka, akasema imba tu. Nikamwandikia tena, akanitumia picha ya samaki. Mpiga besi anashikilia ni ugonjwa, maana mwaka huo mama ya jamaa alikuwa amelazwa. Mpiga dramu anaapa ni bwawa fulani kule kwao Murang'a lililofunika shamba la babu yake. Wamefikia kutosalimiana kwenye mazoezi.

Shida nyingine: mstari wa pili unaangukia kwenye mapigo saba, na "anajua jina langu" ni silabi nane. Nisaidieni.

Rongai_Saa_Mbili
Dada, spika za kumbi za huko nazijua. Imba hata orodha ya bei za sukuma wiki, hakuna atakayegundua.

Sauti_ya_Umoja
Maneno yatarushwa ukutani kwa projekta. Mpiga besi keshaikodi.

MzeeWaKaseti
Basi mmejitia kitanzi wenyewe.

Nikwambie jambo. Kwenye albamu ya Tool, bendi ya metali ya Marekani, ya 1996, Ænima, kuna kipande ambapo mtu anapaza sauti kwa Kijerumani kama anahutubia mkutano wa hadhara wa kutisha, umati unashangilia, mashine zinagonga nyuma. Nilikiogopa kwa miaka. Nilikuwa nakiruka usiku. Mpaka jirani aliyesoma Kijerumani akakisikia akacheka mpaka akakaa chini: ni mapishi ya biskuti zisizo na mayai. Tangu siku hiyo siamini kwamba nayasikia maneno. Nasikia koo kwanza, maneno nayapachika baadaye.

Kwa hiyo kabla ya kiambishi, niambie hapo unaimbaje. Unanguruma au sauti safi?

Sauti_ya_Umoja
Mara mbili za kwanza sauti safi, karibu kunong'ona. Mara ya mwisho nanguruma.

MzeeWaKaseti
Sasa unaona? Maneno yale yale, mara mbili ni mama anayekungoja, mara ya tatu ni zimwi. Ukiweka "a-" umelifanya kuwa kiumbe mwanzo hadi mwisho. Ukiweka "ki-" yule mama anakufa kabla hujafika kwenye kunguruma.

KitabuNaGitaa
Mimi ningembana mwandishi mpaka aseme. Watu wanaogopa maelezo kana kwamba yataua wimbo. Chukueni bendi ya Mastodon, albamu yao Crack the Skye ya 2009. Juu juu ni hadithi ya mvulana aliyepooza anayetoka nje ya mwili wake, anapaa, anajikuta Urusi ya akina Rasputin, yule mganga wa ikulu ya wafalme. Vurugu tupu. Kisha unaambiwa kwamba Skye ni jina la dada yake mpiga dramu wao, Brann Dailor, aliyefariki akiwa na miaka 14. Niliposikia hivyo sikuacha kushangaa safari ile ya Urusi, ila nilielewa kwa nini mtu atake kwenda mbali namna hiyo. Kama ni mama yake jamaa, aseme ni mama yake.

Sauti_ya_Umoja
Na kama hataki kusema kwa sababu ni mama yake?

KitabuNaGitaa
Hapo umenikamata.

Mto_Mathare
Mnabishana aliyeandika alimaanisha nini 2019, lakini utauimba sasa. Hapa kwetu baada ya mafuriko ya 2024, mtu akiona ukutani "chini ya maji" na "nyumbani" kwenye wimbo mmoja, hawazii bwawa wala hospitali. Anawaza mabati yake. Sikatazi, imbeni. Ila msishangae mtu akitoka nje kuvuta hewa. Na kumbuka jina la jiji lenyewe ni la Kimaasai, maji baridi. Mimi ningesikia mji.

BintiKisauni
Mwenzangu, nyinyi wa bara mmeizoea mno hiyo "-na-" ya wakati uliopo. Huku kwetu "-a-" yatosha, na ndiyo itakayokuokoa. Andika hivi:

U chini ya maji
Wajua jina langu
Siku moja tutakuita nyumbani

Nani ajuaye? Wewe wajua. Wao wajua. Mji wajua, ugonjwa wajua, upweke wajua. "U" ikikutana na "a" hupata "wa", na hapo msikilizaji abaki akitafuta mwenyewe. Hesabu na vidole: wa-ju-a-ji-na-la-ngu. Saba. Mstari wa kwanza nao, wewe u chini, mji u chini. Hapo "wao" nimewapoteza, nakiri.

Wa tatu ndio wenye mtego, kwa kuwa mtendwa humfichua mtu. Ukisema "tutauita" umeshamfukuza "wewe". "Tutakiita" ndiyo basi tena. Lakini "tutakuita": wewe tutakuita, na kule tutakuita pia. Tena kumwita mtu nyumbani si kumpa jina tu, ni kumwambia arudi.

Wala msidhani mambo haya yameanza na magitaa. Liyongo akiwa kifungoni alimtuma kijakazi kwa mamake kwa wimbo, atengenezewe mkate wa wishwa, yaani pumba, na tupa ya kukatia minyororo ifichwe ndani. Walinzi wakauona mkate wa wishwa, wakamwachia Liyongo mwenyewe. Na bibi yangu alikuwa na kanga moja ambayo majirani watatu waliivunjia uhusiano, kila mmoja akidai yeye ndiye aliyeandikiwa.

KitabuNaGitaa
Nzuri, ila tuseme ukweli: "it" haikuwa "wewe" hata siku moja. Umeongeza mtu ambaye kwenye wimbo wa asili hayupo.

BintiKisauni
Nimemuongeza. Kila kiambishi kingemuongeza mtu au kumtoa mtu, mimi nimechagua wa kuongeza. Yeye anayetaka "it" na aimbe Kiingereza.

MzeeWaKaseti
Nimejaribu na gitaa hapa sebuleni, saba inakaa. Watu husifu Tool kwa ule wimbo wa Lateralus wa 2001, silabi za mistari zinapanda moja, moja, mbili, tatu, tano, nane, kisha zinashuka tano, tatu, na inasemwa kama uchawi wa hesabu. Sisi tumehesabu mizani tangu enzi za washairi akina Muyaka na hakuna aliyetuandikia makala. Sauti_ya_Umoja, angalia tu mstari wa tatu, una silabi kumi na mbili. Mwambie mpiga dramu akuongezee nafasi au ukate "moja".

Sauti_ya_Umoja
Nimerudi kutoka mazoezini. "Moja" tumeikata, "siku tutakuita nyumbani", silabi kumi, inaingia kwa kubanwa kidogo. Nilikuwa naogopa "u chini" ingesikika kama salamu za kitabuni, lakini kwa kunong'ona inatisha kuliko Kiingereza. Mpiga besi alipoona karatasi akasema, si niliwaambia ni ugonjwa? Mpiga dramu akasema, umeona "kule tutakuita", hilo ni shamba. Wameshikana mikono, kila mmoja akidhani mwenzake ameshindwa. Sijawasahihisha.

Nilimtumia pia yule wa Kanada. Ameisoma tangu jana saa tatu usiku, hajajibu. Hata samaki hajatuma.

Mto_Mathare
Muache.

Rongai_Saa_Mbili
Onyesho linaanza saa ngapi? Kama wimbo mmoja ni dakika kumi na moja nataka kujua mapema, gari za mwisho za Rongai hupandisha nauli.