ECG (kipimo cha umeme wa moyo): lidi I imepinduka. Moyo uko kulia au ni waya?

Wakuu, ECG ya mgonjwa wa kliniki ya moyo: kwenye lidi I (mchoro wa umeme kati ya mikono miwili), mawimbi ya P, QRS na T yote yamepinda chini, na aVR (lidi inayotazama moyo kutoka mkono wa kulia) imepanda juu. Nikague nini kabla ya kuandika kwamba moyo uko kulia?

Jibu 1
Tazama lidi za kifua, V1 hadi V6. R (wimbi linalopanda juu ndani ya QRS) ikikua kama kawaida kuelekea V6, moyo uko mahali pake. Waya za mikono zimebadilishana. Zirekebishe, urudie. R ikizidi kufifia hadi V6, hapo fikiria moyo wa kulia: hamishia elektrodi (vibandiko vya waya) upande wa kulia wa kifua, upime tena.

Jibu 2
Soma herufi zilizo kwenye waya, usiamini rangi! Waya za Ulaya: nyekundu mkono wa kulia, njano kushoto, nyeusi mguu wa kulia. Za Marekani: nyeupe kulia, nyeusi mkono wa kushoto. Hiyo nyeusi ndiyo inayoponza wengi.

Jibu 3
Ukirudia, hakikisha na elektrodi za V1 na V2, maana huwekwa juu mno. Papasa kinundu cha mfupa wa kidari; pembeni yake ni ubavu wa 2. Hesabu kushuka hadi nafasi ya 4 kati ya mbavu. Zikikaa nafasi ya 2, wimbi la r hupungua na mgonjwa anaandikiwa kovu la shambulio la moyo asilokuwa nalo.