Naomba ushauri: hatia ya Ivan Karamazov niielezeje?

Habarini wapenzi wa riwaya. Jumamosi naongoza mjadala wa Ndugu Karamazov ya Dostoevsky (1880), na nimekwama kwa Ivan. Hakumuua baba yake kwa mkono wake. Alisafiri tu kwenda Moscow, ingawa Smerdyakov, mtumishi wa baba ambaye ndiye aliyekuja kumuua, alishamdokezea kuwa balaa linanukia. Baadaye Ivan anamwendea Smerdyakov mara 3, na mwisho anaambiwa muuaji hasa ni yeye Ivan. Mahakamani anatoa zile rubli 3,000 zilizoibwa kwa baba, anakiri, akili zinamruka. Hata hivyo, kaka yake Dmitri ndiye anayetiwa hatiani kwa mauaji hayo.

Nimezirudia sura hizo mara mbili. Kila nikianza kumhurumia, namkumbuka usiku ule wa kabla ya safari, yuko ngazini, ametega sikio baba akitembea chini (hapo ndipo ananichefua).

Je, kosa lake ni kunyamaza, au kutamani? Na mjadala nianzie ngazini au mahakamani?